Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Makao Mapya ya Kompyuta Kuukuu Kambi Muru

Zilikuwa zimebaki siku tatu muda wa kuwasilisha ritani za kodi za KRA uishe, kijana mwenye saiba akanijia mbio hadi mlangoni. "Mwalimu, mashine imegoma. Ukurasa hautaki kufunguka, na watu wamejaa." Nilichukua bisibisi yangu nikamfuata kwenye vichochoro vya Kambi Muru hadi chumba chake cha mabati, chenye kompyuta tatu na printa moja. Watu saba walikuwa kwenye foleni: bawabu aliyetoka zamu ya usiku, mama anayeuza mitumba soko la Toi, vijana wa mjengo. Mwenye saiba alikuwa ameshanunua bando mara mbili akidhani shida ni mtandao.

Nikatazama pembe ya chini ya skrini. Mashine ilikuwa inaamini kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2009.

Ndani ya kompyuta mna saa ndogo inayotembea hata stima ikipotea. Saa hiyo huishi kwa betri bapa, ya duara kama sarafu, iitwayo CR2032. Betri ikichoka, mashine husahau tarehe kila inapozimwa. Nazo tovuti za kodi, za benki na nyingine nyingi hujitambulisha kwa cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta inayodhani iko mwaka 2009 hukitazama cheti cha mwaka huu, huona siku yake haijafika, basi hukikataa. Mtandao ulikuwa mzima tangu asubuhi.

Nilifungua ubavu wa mashine, nikapuliza vumbi, nikakisukuma kibanio kwa ncha ya bisibisi. Betri ya zamani ikaruka. Nikaweka mpya, ya shilingi 50, nikarekebisha tarehe. Ukurasa ukafunguka. Yule bawabu akashukuru Mungu kwa sauti, kwani pesa za faini ya kuchelewa alikuwa hana.

Kompyuta hiyo ilitoka katika ofisi moja mjini, ilikotolewa kwa kuwa "imezeeka na inasumbua". Lau isingepata mtu wa kuipokea, ingepimwa kwa kilo na wanunuzi wa skrapu. Nimekuwa fundi na mwalimu wa kompyuta Kibera na Kawangware kwa miaka kumi na sita, na karibu mashine zote nilizofundishia ziliwahi kuitwa takataka na mtu fulani. Zipo zilizopata makao mema, na zipo zilizotuletea mzigo. Nataka kueleza tofauti yake, kwa sababu najua ofisi nyingi za Nairobi zina chumba kilichojaa kompyuta za zamani, na wenye chumba hawajui wazipeleke wapi.

Nani aliyesema imezeeka?

Watu hudhani kompyuta huzeeka kama gari. La. Feni huchakaa, diski huchoka, betri ya laptopu hufa. Lakini prosesa, ule ubongo wa mashine, huweza kufanya kazi miaka ishirini bila kulalamika. Kinachoizeesha kompyuta, mara nyingi, ni programu.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Huduma ikikoma, mashine haizimiki. Inaendelea kuwaka, ila haipati tena viraka vya kawaida vya kuziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni hupitia. Windows 11 nayo ina masharti: inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na haikubali rasmi kompyuta nyingi zenye prosesa za kabla ya mwaka 2018 hivi. Kwa hiyo zipo ofisi zinazotoa mashine zisizo na ugonjwa wowote, kwa sababu tu mfumo mpya umezikataa mlangoni.

Mashine hizo zina dawa. Upo mfumo uitwao Linux, ambao hupatikana bure na unaruhusiwa kunakiliwa na yeyote. Mojawapo ya aina zake zinazojulikana zaidi, Ubuntu, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Zipo aina nyepesi zaidi, kama Lubuntu, zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine dhaifu. Na Waswahili hatukuachwa nyuma: mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu iliyokuwa na maelezo yake yote kwa Kiswahili. Mimi binafsi nilipoiona mara ya kwanza, nilikaa kimya nikisoma menyu moja baada ya nyingine. Sikuwa nimewahi kuona kompyuta inayozungumza kama mama yangu.

Nikipokea mashine ya zamani, kazi yangu ya kwanza ni ya mikono. Natoa vipande vya kumbukumbu, yaani RAM, nafuta meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli, kwa sababu uchafu mwembamba usioonekana hapo watosha kuizuia mashine kuwaka. Napiga brashi feni. Naweka betri mpya ya saa. Pesa zikiwepo, naondoa diski ya zamani inayozunguka na kuweka SSD ndogo kutoka maduka ya Luthuli mjini, ambayo haina kitu kinachozunguka. Badiliko hilo moja huifanya kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika tano kuamka iamke kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Mtaa unaopokea

Kambi Muru ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, pamoja na Makina, Lindi, Laini Saba, Gatwekera, Kianda, Silanga na vinginevyo. Kibera yenyewe ilianza kama makao ya askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Waingereza, nalo jina linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Leo msitu ni wa mabati. Kuta nyingi ni za udongo, njia ni nyembamba, na reli ya kwenda Kisumu hupita katikati ya watu.

Mtaa huu una shule nyingi zilizoanzishwa na makanisa, misikiti na wazazi wenyewe, kwa sababu shule za umma hazitoshi. Serikali ilipoanza mwaka 2016 kugawa tabuleti kwa mpango wa kufundisha kwa dijitali, ugawaji ulilenga shule za msingi za umma. Shule zetu ndogo zilitazama kwa mbali. Halafu mtaala mpya ukaja ukimtaka mtoto ajue vifaa vya dijitali tangu darasa la chini, na huduma za serikali zikahamia eCitizen. Kijana anayemaliza kidato cha nne huomba nafasi ya chuo kwa KUCCPS na mkopo wa HELB mtandaoni. Asiyejua kushika kipanya humlipa mwingine amjazie, na akijaziwa vibaya, hajui.

Kwa hiyo sisi hatuidharau kompyuta ya mwaka 2012. Kwa mtoto ambaye hajawahi kugusa kibodi, hiyo ni mpya. Lakini Waswahili walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni wa namna hii anaweza kumponya mwenyeji au kumwongezea ugonjwa. Nimeyaona yote mawili.

Zawadi nyepesi

Miaka kadhaa iliyopita, kampuni moja iliiletea shule ya jirani kompyuta ishirini. Lori lilisimama barabarani kwa sababu haliwezi kuingia kwenye njia zetu, na vijana wakazibeba mabegani. Palikuwa na bango, mpiga picha, hotuba na soda. Wazazi walikuja wamevaa nguo za kanisani. Mimi niliitwa kama mtaalamu wa mtaa, nikasimama mstari wa mbele.

Nilinyanyua moja ili niipange mezani, nikahisi ni nyepesi kuliko inavyopasa. Nikajua. Diski haikuwemo. Nikanyanyua ya pili, ya tatu. Hali ni hiyohiyo. Mwalimu mkuu alikuwa anamshika mkono mgeni na machozi yanamlengalenga. Sikusema neno, na kimya hicho kimeniuma hadi leo.

Wageni walipoondoka tuliketi kuhesabu. Kumi na moja hazikuwa na diski, kwa sababu kampuni iliogopa siri zake zisitoke, ikazing'oa. Monita zilikuwa zile nene zenye mgongo mrefu. Nyaya za stima zilikuwa nane kwa mashine ishirini. Kibodi hazikutosha. Mwishowe, kwa kuchukua hiki hapa na kile pale, tulipata mashine tatu zinazowaka.

"Mwalimu mkuu, hizi nyingine tuzirudishe," nilimwambia.

"Mwanangu, zawadi hairudishwi," akajibu. "Nitawaambia nini hao watu? Na kesho wakija na kitu kizuri?"

Zikawekwa nyuma ya darasa la nne. Kwa miaka miwili watoto wa darasa hilo walibanana mbele, wanne kwenye benchi la watatu, kwa sababu theluthi ya chumba ilikuwa ya mashine zilizokufa. Mvua ikavuja juu yake. Monita moja ikaanguka ikapasuka, na watoto wakacheza na vioo. Kioo cha monita ya aina ile kina risasi, zaidi ya kilo moja katika monita nyingi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Kampuni ile ilikuwa imepata nafasi, picha na sifa. Shule ilikuwa imepata dampo.

Sisemi waliotoa walikuwa na nia mbaya. Naamini walituonea huruma. Lakini huruma isiyouliza swali humwacha maskini na kazi ya kusafisha.

Daftari la maswali matatu

Tangu siku hiyo nina daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi kila mashine inayopita mikononi mwangu naiandika: nambari, ilikotoka, ilikuwa na shida gani, nilitumia shilingi ngapi, ilikwenda kwa nani. Na kabla sijakubali kuipokea au kuipeleka mahali, nauliza maswali matatu.

La kwanza: inawaka ikiwa kamili? Kamili maana yake ina diski, RAM, waya wa stima, kibodi, kipanya na monita bapa. Laptopu iwe na chaja yake. Chaja inayopotea huonekana kitu kidogo kwa mtoaji, lakini kutafuta inayolingana na laptopu ya zamani kwaweza kunichukua siku nzima Luthuli na River Road.

La pili: atakayeipokea ana stima, ana mlango wa kufunga, na ana mtu? Tupige hesabu. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na monita yake bapa hula kama wati 100. Kumi zikiwaka ni kilowati moja. Zikiwaka saa nne kwa siku ni uniti nne, yaani karibu shilingi mia moja za tokeni kila siku ya masomo. Shule inayodai karo ya wazazi wanaolipwa kwa siku haiwezi kubeba hilo kimyakimya. Ndiyo sababu shuleni napendelea laptopu, hata zile ambazo betri zimekufa. Laptopu isiyo na betri, ikichomekwa ukutani, hula kama theluthi ya stima hiyo, haina waya nyingi, na jioni huingia kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Jambo la mtu ni kubwa kuliko yote. Mashine isiyo na mtu anayejua kuifungua, kuifuta vumbi na kuweka betri ya saa, haimalizi mwaka.

La tatu: itafanya kazi gani? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu akiniambia anataka kompyuta "kwa sababu shule nyingine zinazo", namwomba arudi nyumbani akafikiri. Akiniambia anataka kuandika mitihani bila kulipa saiba shilingi kumi kila ukurasa, au anataka darasa la saba wajifunze kuchapa kwa vidole kumi, hapo tunazungumza.

Kawangware, bila bando

Nitawapa mfano wa makao mema. Mara mbili kwa wiki huenda Kawangware. Kundi la kina mama lina chumba nyuma ya kanisa, si mbali na Barabara ya Naivasha, na karani mmoja mstaafu hufundisha hapo kuchapa. Yeye alianza kazi enzi za taipureta, na wanafunzi wake humwita Shosh. Aliponiomba kompyuta nilimuuliza maswali yangu matatu, akaniuliza la nne: "Na zikiharibika, wewe mwanangu utakuja, ama utanituma mjini?" Nikaahidi kuja. Nimetimiza.

Tulimpelekea laptopu sita zilizotolewa na ofisi moja. Betri zote zilikuwa zimekufa, lakini kila moja ilikuwa na chaja yake, na mtoaji alikuwa amebandika karatasi juu ya kila mashine: "herufi R haifanyi kazi", "spika moja imekufa", "nzima". Karatasi hizo ziliniokoa siku mbili za kutafuta. Hadi leo sijapokea msaada uliopangwa kwa adabu kama ule.

Mtandao pale ni ghali, hivyo tuliwawekea Kiwix, programu inayokuwezesha kusoma Wikipedia bila mtandao. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaingia kwenye flashi ndogo na nafasi ikabaki. Unaipakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, unaibeba mfukoni, unaiweka kwenye mashine ya zamani, na kazi imekwisha. Siku ya kwanza msichana mmoja, mtoto wa mama afuaye nguo Lavington, aliandika neno "moyo". Ukurasa ukatokea wenye picha na maelezo ya Kiswahili. Akasoma hadi chini, akafuata kiungo cha damu, kutoka damu akaenda kwenye mapafu. Alipomaliza aliniuliza: "Nimetumia pesa ngapi?" Nilipomwambia hakuna, alirudi kwenye skrini akaendelea kusoma hadi tulipofunga mlango.

Kibera nako wapo walioonyesha njia hii. Taasisi ya Tunapanda imewafunza vijana wa mtaa teknolojia na kujenga mtandao wa kijamii, TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo kwa antena zilizo juu ya mapaa ili wasome masomo yaliyohifadhiwa hapahapa mtaani. Mahali penye mtandao wa namna hiyo, mashine ya miaka kumi na miwili inatosha, kwa sababu kazi nzito inafanywa na kompyuta moja nyuma, nyingine zinasoma tu.

Hofu ya siri

Nirudi kwa zile kompyuta zilizong'olewa diski, maana hofu iliyozing'oa ni ya kweli. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Hospitali, shule au kampuni ikiacha majina, nambari za vitambulisho na simu za watu zitoke ndani ya kompyuta iliyotolewa, itajibu. Nami nimewahi kuwasha mashine ya msaada nikakuta orodha ya mishahara ya watu. Niliifuta papo hapo, lakini ingeweza kuangukia mikono mingine.

Lakini kuna njia ya kulinda siri bila kuilemaza mashine. Kulifuta faili na kumwaga pipa la taka hakutoshi, kwa sababu data hubaki chini yake hadi kitu kingine kiandikwe juu. Zipo programu za bure zinazoandika sifuri juu ya diski yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Diski ya kawaida ikifutwa hivyo mara moja, kilichokuwemo hakirudi. SSD ina amri yake maalumu ya kujifuta, na fundi anaijua. Kazi hii inaweza kuachwa ijifanye usiku ofisi ikiwa imefungwa. Ikiwa bado mna hofu, ng'oeni diski mziharibu, kisha mtoe mashine pamoja na diski mpya. Hapo mtakuwa mmetoa kweli.

Ofisi za serikali zina kikwazo kingine. Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 inataka kila taasisi iwe na kamati ya kuamua mali iliyochakaa iondolewe vipi: ihamishwe kwa taasisi nyingine ya umma, iuzwe kwa zabuni, ipigwe mnada, au ishughulikiwe kama taka. Sheria ni nzuri, maana bila hiyo mali ya umma ingeibwa mchana. Lakini kamati isipokaa mwaka huu wala mwaka ujao, kompyuta iliyokuwa na miaka sita ikaingia stoo hutoka ikiwa na miaka kumi. Wakuu wa idara, ikalisheni kamati mapema. Kompyuta iliyo stoo haimsubiri mtu, inaoza.

Kwa asiye na mtu anayemjua mtaani, wapo waliofanya kazi hii kwa miaka mingi. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, limekuwa likipokea kompyuta zilizotumika, kuzikarabati na kuzipeleka shuleni. Kutoka ng'ambo, Computer Aid International la Uingereza na Camara la Ayalandi nayo yamezileta Afrika Mashariki. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za umeme zinazovuka mpaka zipate kwanza kibali cha nchi inayozipokea. Ni haki yetu hiyo. Kompyuta inayofanya kazi na takataka iliyovishwa jina la msaada ni vitu viwili, na sheria sasa inataka vitenganishwe kabla ya meli kung'oa nanga.

Siku ya mwisho

Hata mgeni mwema huaga. Kompyuta niliyoiongezea miaka mitano bado itakufa, na mwenye kuipokea lazima ajue tangu mwanzo atakavyoizika.

Ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa njia inayofaa. Kenya hukadiriwa kuzalisha zaidi ya tani 51,000 kwa mwaka. Nyingine huishia Dandora, nyingine kwenye vichochoro vyetu, ambako vijana huchoma nyaya ili plastiki iyeyuke ibaki shaba ya kuuza. Moshi huo mweusi unanuka utamu wa ajabu na una sumu kali. Siwalaumu vijana hao, wanatafuta unga. Ninachofanya ni kuwaeleza kwamba waya unaweza kumenywa kwa kisu, na shaba iliyomenywa bila kuungua ina bei nzuri zaidi kwa mnunuzi.

Mashine ikifa kwangu, kwanza naivua. RAM huenda kwa nyingine, feni kwa nyingine, skrubu kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Betri ya laptopu iliyovimba haitobolewi wala haitupwi jaani, kwa sababu inaweza kulipuka moto; naiweka kwenye ndoo ya mchanga mbali na nyumba. Monita bapa za zamani zina taa nyembamba zenye zebaki, hivyo sizivunji. Kinachobaki nakikusanya mpaka kiwe mzigo, kisha tunakipeleka WEEE Centre, kituo cha kurejeleza taka za umeme kilichoanzishwa mwaka 2012 huko upande wa Embakasi. Nauli ya mzigo huo hulipwa na sisi tuliopokea, siyo na waliotoa.

Hapo ndipo ninapoomba mabadiliko. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeweka msingi kwamba mtengenezaji na mwagizaji wawajibike kwa bidhaa hadi mwisho wa maisha yake. Msingi huo uwafikie pia wanaotoa misaada. Ukitoa kompyuta ishirini, toa na ahadi ya kuzichukua zikifa, au toa nauli ya kuzifikisha panapostahili.

Kwa walimu na viongozi wa vikundi wanaopokea, nawaomba muwe na ujasiri ambao mimi sikuwa nao siku ile ya lori. Ombeni kuiona mashine ikiwaka kabla ya hotuba. Mkiona haifai, semeni kwa upole: "Tunashukuru, lakini hii hatuna uwezo wa kuitunza." Mtoaji wa kweli hatakasirika. Atauliza mnachohitaji.

Na wewe msomaji uliye na laptopu kabatini, iliyowekwa "kwa sasa" miaka mitatu iliyopita, itoe wiki hii. Ichaji, iwashe, futa vilivyo vyako, andika kwenye karatasi kile kisichofanya kazi. Kisha muulize mwalimu wa shule ndogo iliyo karibu nawe kama ana stima, mlango na mtu. Kila mwaka inaokaa kabatini betri inazidi kufa na vipuri vyake vinazidi kuadimika madukani.

Ukiileta kwetu Kambi Muru, tutaipokea kwa mikono miwili. Ila tafadhali, uje na chaja yake.